Wale panya watano waandike

Mwanangu,

Marahaba. Juzi simu ilikatika kabla sijakuitikia, na afadhali ilikatika, maana ningekujibu kwa ukali. Ulisema msimamizi wako anataka matokeo mazuri kabla ya mkutano. Hilo neno "mazuri" limeninyima usingizi.

Usidhani kazi yako siielewi. Baba yako akiwaambia watu kwamba unatengeneza dawa, namkatiza: anatengeneza chombo cha kuifikisha. Vile vitone vya mafuta, ambavyo hata darubini ya kawaida haivioni, vibebe mRNA, ule ujumbe wa aina ya RNA unaoiambia seli itengeneze protini gani, mpaka ndani ya seli, ili moyo wenye kovu uoteshe misuli upya. Najua pia vinavyowasumbua: vikidungwa mshipani, vingi vinakimbilia ini. Dawa ya kwanza ya RNA kubebwa hivyo na kuidhinishwa, mwaka 2018, ililenga protini inayotengenezwa na ini lenyewe. Wenzenu walifuata vinakokwenda. Ninyi mnavitaka moyoni.

Panya sita, ukaniambia, na mmoja moyo wake uling'aa kwenye picha. Sauti yako ilipanda ulipomtaja huyo mmoja. Wale watano ambao mioyo yao haikung'aa, nao waandike kwenye matokeo.

Nimesoma habari za Macchiarini, yule daktari wa Stockholm aliyepandikiza njia za hewa za plastiki zilizopakwa seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, za wagonjwa wenyewe, kuanzia 2011. Majarida yalimsifu. Madaktari wanne wa palepale ndio waliofungua mafaili ya wagonjwa, wakaona yaliyochapishwa hayafanani na yaliyomo. Wagonjwa watatu aliowapasua Sweden wote wamefariki, na 2023 mahakama ya rufaa ikamhukumu kifungo cha miaka miwili na nusu. Najua wewe hupasui mtu. Lakini picha ya panya mmoja leo, kesho ni sindano kwenye mkono wa mgonjwa.

Na wale watafiti wa Japani, Januari 2014, waliodai ukiloweka seli kwenye asidi hafifu zinarudi uchanga? Wenzao walijaribu, wapi. Kufikia Julai makala zilikuwa zimefutwa.

Utaniambia mama, siku hizi usipotoa kitu fedha zinakatwa. Sawa. Mtafiti Katalin Karikó alishushwa cheo chuoni mwaka 1995 kwa kung'ang'ania mRNA, akaja kupewa Nobeli 2023. Simtaji ili ungoje miaka ishirini na nane. Wewe hata kungoja maji yachemke ilikuwa vita. Namtaja kwa sababu alishushwa cheo na hakupika namba.

Nilipokuwa wodini kulikuwa na karatasi ya joto la friji ya chanjo. Inatakiwa isomeke kati ya nyuzi 2 na 8, asubuhi na jioni. Kuna mtu alikuwa anaijaza Ijumaa kwa wiki nzima: 5, 5, 4, 6, anachanganya ili isishtukiwe, na Jumanne anabadilisha kalamu. Siku moja ikagundulika kipimajoto kilikuwa kimekufa muda mrefu. Chanjo zilishatumika. Chanjo iliyoharibika haitoi harufu, wala mtoto aliyechomwa halii tofauti. Sikumripoti mtu huyo. Ningemripotije, na mwandiko ule unaufahamu, ndio huu unaousoma.

Tuyaache. Paa la chumba chako limeanza kuvuja pembeni, nimehamishia vitabu vyako sebuleni. Baba yako amefanyiwa jicho la kushoto, sasa anaona vumbi kila mahali na ananilaumu mimi. Paka amezaa ndani ya sanduku lako la viatu, kwa hiyo viatu usivitarajie.

Katika kuhamisha nimekuta daftari lako la maabara la mwaka wa mwisho chuoni. Limeandikwa vizuri, kila tarehe, nikajivuna peke yangu pale chini. Ila ukurasa wa 31 umechanwa. Huenda uliandikia orodha ya vitu vya kununua. Niambie ndivyo ilivyokuwa.

Kama si hivyo, niambie pia.

Fundi wa paa anataka kujua tutumie mabati mapya au tuzibe tu. Mimi nasema mapya, baba yako anasema tuzibe. Piga Jumapili mchana, siyo usiku, uamue wewe.

Mama yako