Mvutaji sigara asishauriwe kumeza beta karotini

Mhariri,

Makala yenu kuhusu antioksidanti, yaani viambato vinavyozima radikali huru (molekuli zinazoweza kuharibu seli), ilianza vizuri. Ni kweli kwamba walaji wazuri wa mboga na matunda, kwa ujumla, hawaandamwi sana na saratani wala maradhi ya moyo. Lakini mwandishi akaruka kutoka sahani hadi kichupa cha vidonge, akamshauri hata mvutaji sigara ameze beta karotini, ile antioksidanti inayoipa karoti rangi yake, ili kulinda mapafu. Hapo nimeshindwa kunyamaza.

Kaka yangu anavuta sigara tangu ujana. Juzi nilimkuta mezani, gazeti limekunjwa kwenye ukurasa huo, kichupa kipya kando ya pakiti yake. Akatoa kidonge cha rangi ya machungwa, akakiinua kwenye mwanga. "Hiki kinafuta madhara ya hii," akasema, akigusa pakiti.

Utafiti wa kulipima wazo hilo ulishafanyika zamani. Ufini, wanaume 29,133 wavutaji sigara wenye umri wa miaka 50 hadi 69 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakapewa beta karotini miligramu 20 kila siku, wengine vitamini E, wengine zote mbili, na waliobaki vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalipotoka mwaka 1994, waliomeza beta karotini walikuwa wamepata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasioimeza. Zaidi, si pungufu! Marekani nako, utafiti mwingine ulihusisha watu 18,314, wakiwamo wavutaji na wafanyakazi waliovuta vumbi la asbesto, madini yanayodhuru mapafu. Walipewa beta karotini pamoja na vitamini A. Januari 1996 ulisimamishwa miezi 21 kabla ya wakati wake, kwa kuwa saratani ya mapafu ilikuwa imezidi kwa asilimia 28 na vifo kwa asilimia 17.

Mwandishi wenu atauliza: mbona karoti haidhuru? Karoti inaleta beta karotini kidogo kidogo, pamoja na nyuzinyuzi na mamia ya kemikali nyingine, na mara nyingi mla karoti ni mtu anayejitunza kwa mengine pia. Kidonge kinaingiza kitu kimoja, kwa wingi, kwenye mapafu yaliyojaa moshi. Tena hizo radikali huru mnazoziita adui, chembe nyeupe za damu huzitumia kuulia bakteria. Kuzizima zote si afya.

Jedwali lenu la vyakula vyenye "nguvu kubwa" ya antioksidanti nalo linapotosha, maana vipimo vya namna hiyo hufanywa kwenye mirija ya maabara. Wizara ya Kilimo ya Marekani ililiondoa jedwali lake la aina hiyo mwaka 2012, ikieleza kuwa alama hizo hazionyeshi kinachotokea mwilini.

Sisemi kila kidonge ni bure. Wenye ugonjwa wa macho wa uzeeni unaoharibu sehemu ya kati ya retina, ukiwa umefikia hatua fulani, wana mchanganyiko wa vitamini na madini uliothibitika kupunguza kasi yake. Hata katika huo, beta karotini imeondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na luteini na zeaksantini, rangi nyingine za mimea, kwa ajili ya wavutaji hasa.

Nilimsomea kaka takwimu hizi mara mbili. Kichupa amekiweka kando, ila ananiuliza kwa nini gazeti liliandika vile, nami sina jibu la kumpa. Naomba mchapishe sahihisho, kwenye ukurasa uleule na kwa herufi za ukubwa uleule, likitaja beta karotini na sigara waziwazi.

Msomaji wenu wa siku nyingi