Barua ya Kadogo na yale mabehewa

Mbotela, Nairobi

Kwako Baba Neema,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, ila mvua. Mama Neema ameniambia siku hizi unashinda shambani na simu unaiacha kwenye kabati, ndiyo maana nimeandika karatasi na kumpa dereva wa basi. Usicheke mwandiko.

Ni habari ya Kadogo, yule kijana wa yadi ya treni. Amepewa barua ya kujieleza, na muda ni wiki moja tu.

Usiku aliacha mabehewa ya mahindi kwenye reli ya kando, akakaza breki za mkono, akaitwa kwingine. Kabla ya alfajiri mabehewa yakaanza kuteremka yenyewe, pole pole, yakaparamia pointi, pale reli zinapogawanyika, zilizoelekezwa upande mwingine na kuyagonga mengine yaliyosimama. Hakuna aliyeumia, Mungu mkubwa. Kunguru wa pale lakini wamenenepa.

Ripoti ina mstari mmoja: kosa la binadamu. Binadamu mwenyewe ni Kadogo, basi, faili ifungwe!

Nilimkalisha hapa jikoni nikamhoji. Anasema gurudumu la breki alilizungusha mpaka likagoma, akajua limeshika. Kumbe ni kutu. Chini, vyuma vya breki havikuwa vimegusa magurudumu ya behewa hata kidogo, na kwa tochi ile yake angeona nini? Mimi nilikuwa wa kuandika namba za mabehewa tu, lakini hata mimi najua kwamba injini ikiondoka, upepo uliobaki kwenye mabomba ya breki unazishikilia kwa muda tu, halafu unavuja na breki zinalegea. Ndiyo maana nyinyi wa yadi zamani mlikuwa mnalegeza breki za injini, mnasukuma kidogo, muone kama mabehewa yanatulia. Kadogo hakujaribu. Kwa hilo simtetei. Ila redioni walikuwa wanaidai injini, na mwenzake wa zamu alikuwa ameshahamishiwa upande wa pili wa yadi. Na zile breki zenye kutu, nani alipaswa kuzikagua mchana?

Unakumbuka ile ya Canada, Lac-Mégantic, Julai 2013? Watu 47 walikufa. Dereva aliyekuwa peke yake aliegesha treni ya mafuta mlimani na kufunga breki 7 za mkono. Alipojaribu kama zinashika, breki za injini zilikuwa bado zimefungwa, kwa hivyo treni ikatulia na kumdanganya. Baadaye injini ikashika moto, wazima moto wakaizima, upepo ukavuja, treni ikateremka hadi katikati ya mji. Wachunguzi walisema zilihitajika breki 17 au zaidi. Lakini hawakuishia kwa dereva. Waliorodhesha sababu 18, mojawapo injini iliyokarabatiwa vibaya, na mwaka 2018 mahakama ikamwachilia yeye na wenzake wawili. Sababu 18! Huku kwetu wametafuta moja, wakaipata kwa kijana wa mshahara mdogo kuliko wote.

Nimemwambia aandike ukweli, hata hilo la kutojaribu. Yule mzee wa miwani, unamjua, amemshauri aombe msamaha tu anyamaze. Akifanya hivyo, mabehewa yale yale yatarudi na kutu yao, na mwenzake atakayepewa zamu... aa, wacha.

Sasa nisaidie. Zamani mlikuwa na kanuni ya breki ngapi kwa mabehewa mangapi, au kila mtu alikadiria kwa macho? Behewa lenye breki mbovu mlilitia alama, na daftari lake lilikaa kwa nani? Kabari za mbao za kuzuia magurudumu ziliisha lini, maana Kadogo anasema hajawahi kuziona? Unaweza kumwandikia ukurasa mmoja na kutia sahihi? Au ushuke Nairobi Ijumaa? Kitanda cha Zawadi kiko wazi, na nauli ya kurudi nitatoa mimi.

Dereva atapita kwako kesho kutwa asubuhi. Mpe jibu hata kama ni nusu karatasi.

Ni mimi,
Mama Zawadi