Swali la "Biblia imebadilishwa" lijibiwe kanisani

Mhariri,

Kijana Mkristo akifika chuoni huulizwa mapema: Biblia si imebadilishwa? Viongozi wengi wa vijana humkemea asiwe na shaka. Hapo ndipo wanapompoteza, maana swali linabaki naye.

Fungueni naye Marko 16. Aya ya 9 hadi ya 20 hazimo katika Codex Sinaiticus wala Codex Vaticanus, nakala za Biblia za Kigiriki za karne ya 4. Yohana 7:53 hadi 8:11 nazo hazimo. Ni hatari ayasikie haya kwanza kutoka kwa mpinzani. Aelezwe pia kwamba tofauti hizo zinajulikana kwa sababu nakala za kale ni nyingi na hulinganishwa waziwazi. Tofauti nyingi ni za tahajia na mpangilio wa maneno. Gombo la Isaya la Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, lililopatikana karibu mwaka 1947, lina umri wa takriban miaka 1,000 zaidi ya nakala kamili za Kiebrania zilizojulikana awali, na kwa sehemu kubwa linalingana nazo.

Tengeni saa moja: dakika 20 za kusoma, 40 za mjadala, kijana mmoja akitetea hoja ya mpinzani kwa dhati. Kiongozi asiyejua jibu aseme hajui, alitafute, alilete wiki inayofuata.

Walimu wa vijana,
Morogoro