Namba za kete wazione wanaojifunza tu

Unguja

Ndugu yangu,

Assalamu alaykum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mzee anakusalimu sana, na hapiti siku bila kuniuliza lile bao la kwenye kompyuta litakuwa tayari lini acheze na wajukuu.

Nimelifungua faili ulilonitumia. Ubao umeupatia kabisa: safu nne, kila safu mashimo manane, kete 64, na nyumba, yale mashimo makuu mawili, umezichonga mraba kama inavyotakiwa. Kete sita ndani ya nyumba, mbili na mbili kwenye mashimo ya jirani, 22 zimebaki mkononi kwa kila mchezaji. Hapo sina neno.

Neno langu liko kwenye vitufe. Juu ya kila shimo umeweka namba ya kete zilizomo kwa createButton, ile amri ya kutengeneza kitufe, upana 0 na urefu 0, ili kitufe kipotee ibaki lebo peke yake. Ujanja huo wanautumia wengi kwenye Tabletop Simulator, hii programu yetu ya kuchezea michezo ya mezani kwenye kompyuta, na unafanya kazi. Lakini kitufe cha namna hiyo anakiona kila aliyekaa mezani. Wanao huko Toronto wanazihitaji namba, maana bado hawajaweza kutupia jicho shimo lenye kete tisa wakajua zitaishia wapi. Mzee hazihitaji. Amecheza umri wake wote kwa kutazama na kukadiria, na kumjazia namba 32 mbele ya macho ni kumharibia mchezo anaoupenda kuliko kitu chochote. Msaada wa mtoto usimfuate babu yake upande wa pili wa ubao.

Kwa hiyo hamia kwenye XML, lugha ya kupangia maandishi na vitufe vinavyoonekana. Ubao wenyewe unaweza kubeba paneli yake. Tengeneza moja, ndani yake weka vipande 32 vya maandishi (Text), kila kimoja na id yake, yaani jina lake, kuanzia s1 hadi s32. Anayeona anaamuliwa na sifa ya visibility: ukiandika White|Red, aliyekaa nyeupe na aliyekaa nyekundu wataziona namba, mwingine yeyote ataona ubao mtupu. Kisha kando ya ubao weka kitufe kimoja tu, kikubwa, kilichoandikwa "Hesabu". Kikibofywa, skripti, yaani maagizo unayoyaandika kwa lugha ya Lua, inaletewa mchezaji aliyebofya. Chukua rangi yake, iongeze kwenye orodha au iondoe kama imo tayari, unganisha orodha kwa kile kijiti cha wima na uirudishe kwenye visibility. Orodha ikibaki tupu usiipeleke hivyo hivyo, kwani sifa hiyo bila rangi yoyote maana yake ni kwamba wote waone. Hapo zima paneli nzima kwa kuiwekea active iwe false.

Jihadhari na mhimili wa z. Kwenye paneli iliyobebwa na kitu, z hasi ndiyo inayopanda juu. Ukiiweka chanya, namba zitazama ndani ya mbao, na utapoteza usiku mzima ukitafuta kosa kwenye Lua ambako halipo.

Kuhesabu kwenyewe, weka kanda ya skripti, eneo lisiloonekana linalotambua vitu vilivyomo, juu ya kila shimo na usikilize onObjectEnterZone (kitu kikiingia) na onObjectLeaveZone (kikitoka). Usihesabu papo hapo. Kete ikiachiwa hudunda, hugonga ukingo, pengine huruka hadi shimo la pili ikarudi, ipe Wait.time nusu sekunde kwanza, ndipo uulize kanda ina nini kwa getObjects. Na ubao nao unaweza kuingia kwenye jibu, kwa sababu kanda inaugusa. Kete zote 64 zipe tagi, alama ya kuzitambulisha, uhesabu zenye tagi hiyo peke yake. Orodha ya rangi ihifadhi ndani ya onSave, inayoitwa mchezo ukihifadhiwa, kwa JSON.encode inayoigeuza kuwa maandishi, mchezo ukifunguliwa kesho kila mtu akute alivyoacha.

Sasa kile kitufe chako cha "Kula", kinachochukua kete za mpinzani na kuzitupa chenyewe hadi mwisho. Nakuomba ukitoe. Wanao watajifunza bao kwa kutupa kete moja moja kwa mkono wao, wakikosea mzee awarudishe, wabishane naye. Tena skripti itakwama pale pale mchezo unaponoga: umekula, kete ya mwisho imeangukia nyumba yako iliyo hai, una hiari ulale, yaani uishie hapo, au usafiri, yaani uzichote kete zake uendelee kutupa. Uamuzi huo umebeba mchezo mzima, na hakuna mstari wa Lua wa kuuamua badala ya mchezaji. Utalazimika kusimamisha kila kitu umuulize, na kete zenyewe zitakuwa zimekwisha kupita mbio mbio hata mtoto hajaona zilikopita. Kitufe cha kurudisha ubao kwenye mpango wa mwanzo, hicho kiache. Kupanga upya kete kwa kipanya kunachosha na hakumfundishi mtu kitu.

Ukimaliza kuhamisha namba nitumie faili kabla ya Ijumaa. Nitamkalisha mzee kwenye nyekundu, wanao wakae nyeupe, nawe kaa karibu yao uangalie kama namba za "Hesabu" zinaonekana kwao tu.

Wasalaam,
Nduguyo