YAH: Kufunga Muhula, na Kazi za Watoto Wetu

Ndugu wazazi na walezi,

Salaam. Muhula umefungwa leo. Ripoti zimo kwenye mabegi.

Maonyesho ya michoro na maandishi ya watoto wetu wenye usonji na ulemavu mwingine wa ukuaji yamefana sana. Yupo anayerudia sentensi moja kutwa nzima. Mwalimu wake aliiandika kama ilivyotamkwa, akamwachia mtoto aongeze neno moja kila mstari, na ile sentensi ikawa kiitikio cha shairi. Mwingine hastahimili rangi mbichi vidoleni. Alipewa burashi yenye mpini mrefu uliovishwa sponji, karatasi ikabandikwa mezani pembe zote nne isiteleze, akaijaza mpaka ukingoni.

Darasani tunaweka rangi mbili tu, maana zikiwa kumi na mbili mtoto hukwama kuchagua kabla hajaanza. Kadi za picha za "kwanza" na "halafu" hukaa mbele yake. Dakika 2 kabla ya kuacha huonyeshwa saa ya mchanga, kwa sababu kukatizwa ghafla ndiko huleta vilio. Akiinua kadi ya "nimemaliza", kazi imekwisha, hata nusu ya karatasi ikiwa tupu.

Sasa lililoniudhi. Kazi zilizopelekwa nyumbani kutiwa fremu, baadhi zimerudi si zile. Jua la zambarau limepakwa njano. Shairi limesahihishwa tahajia na kuongezwa beti ambazo mtoto hakuzisema. Mtoto mmoja alisimama mbele ya picha yake akaikataa, akawa anaisukuma isitundikwe. Alikuwa na haki.

Wengine mnasema mlimshika tu mkono aandike. Msifanye hivyo. Njia ya kumshikia mkono mtu asiyezungumza imepimwa mara nyingi, na maneno yameonekana kutoka kwa anayeshika, hata pale anapoamini kwa dhati kwamba hasukumi. Mkitaka kusaidia, andikeni anachosema neno kwa neno, kisha tarehe nyuma ya karatasi. Asiyezungumza mpeni kadi achague mwenyewe, nanyi mtoe mikono mezani.

Na msiharakishe. Judith Scott wa Marekani, aliyezaliwa 1943 akiwa na Down syndrome (hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa akili) na uziwi ambao haukutambuliwa kwa miaka mingi, alikaa karibu miaka miwili katika karakana ya sanaa ya Creative Growth, Oakland, bila kuvutiwa na rangi wala penseli. Alipokutana na nyuzi, alianza kuviringa vitu ndani yake, na sanamu zake sasa zimo kwenye makumbusho. Hakuna aliyemmalizia kazi.

Kuanzia muhula ujao hakuna kazi itakayotoka shuleni kabla ya maonyesho. Atakayegusa kazi ya mtoto ataitwa ofisini kwangu.

Wanaowachukua watoto mapema siku ya sanaa, acheni. Ratiba ikivunjika mtoto huanza upya wiki inayofuata.

Wenye madeni ya ada, lipeni kabla ya kufungua shule. Aproni zifuliwe.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu