Malalamiko kuhusu CD yenye kinga ya kunakili

Meneja wa Mauzo,
Kampuni ya Uagizaji wa Muziki,
Dar es Salaam.

Machi 2006

Ndugu Meneja,

YAH: KUREJESHEWA FEDHA ZA CD YENYE KINGA YA KUNAKILI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi uliopita nilinunua dukani kwenu CD halisi kutoka Ulaya kwa Sh. 18,000. Risiti nimeiambatanisha. Nadai fedha zangu, kwa sababu mmeniuzia kitu kilichoharibiwa kwa makusudi.

Kwenye deki ya nyumbani CD hiyo inapiga. Kwenye redio ya gari inazunguka, inasita, kisha inatemwa. Kwenye kompyuta haifunguki kama CD nyingine: inajifungulia programu yake yenyewe iliyomo humo humo, na sauti inayotoka imebanwa, besi imefifia, matoazi yanakwaruza masikio. Kijana wenu wa kaunta alinijibu kwamba redio yangu ni mbovu. Si mbovu. CD zangu nyingine zote inazipiga.

Fundi wangu amenieleza. Waliotengeneza diski hii wamevuruga orodha ya nyimbo inayosomwa mwanzo na kupandikiza makosa kwenye data, ili kompyuta ijikwae isiweze kunakili. Lakini redio nyingi za magari, hasa zinazosoma MP3, zimefungwa kifaa cha kusomea kama kile cha kompyuta, kwa hiyo nazo zinajikwaa. Isitoshe, uwezo wa deki wa kuziba makosa uliwekwa kwa ajili ya mikwaruzo na vumbi. Sehemu ya uwezo huo ikishaliwa na makosa ya kiwandani, je, diski hii itafika wapi katika vumbi letu hili?

Itazameni vizuri. Ile alama ya Compact Disc tuliyoizoea haipo, si kwenye diski wala kwenye kasha. Philips, walioibuni CD pamoja na Sony, walishasema wazi kwamba diski zenye kinga za namna hii hazistahili kubeba alama hiyo. Ninyi mmeipanga kwenye rafu ya CD, kwa bei ya CD, na onyo pekee ni maandishi madogo nyuma ya kasha ambayo niliyaona baada ya kulipa. Huko Ufaransa, mwaka 2003, mahakama ya Nanterre iliamua kwamba diski isiyopiga kwenye redio ya gari ina kasoro iliyofichika, na mnunuzi arudishiwe fedha zake.

Kinachonikosesha usingizi zaidi ni ile programu. Oktoba 31 mwaka jana mtaalamu wa kompyuta Mark Russinovich alitangaza kwamba CD za kampuni ya muziki ya Sony BMG zenye kinga iitwayo XCP zilikuwa zikipachika ndani ya Windows programu inayojificha, na inayoficha kila faili lenye jina linaloanza na alama fulani. Watengeneza virusi hawakukawia. Walivipa virusi vyao majina yenye alama hizo hizo. Hata chombo cha kwanza cha kuiondoa kiliacha upenyo wa kompyuta kuingiliwa. Albamu 52 zilihusika, na Novemba kampuni ikaziondoa sokoni. Sisemi kwamba diski yenu ina XCP. Nasema sijui ina nini, na kwenye kompyuta hiyo ndiko ninakotunza hesabu za biashara yangu.

Mimi sitetei wizi wa muziki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 naiunga mkono, na nanunua nakala halisi ili msanii apate jasho lake. Lakini albamu hiyo hiyo inauzwa Kariakoo ikiwa imechomwa, na ile ya Kariakoo inapiga kwenye gari! Kinga haikumzuia mchomaji hata kidogo. Imenizuia mimi niliyelipa.

Nataka mnirudishie Sh. 18,000 taslimu, si diski nyingine ya aina hiyo. Nataka pia maelezo ya maandishi ya programu iliyomo: inaacha nini kwenye kompyuta na inaondolewaje. Na diski zote za namna hii zilizobaki dukani ziwekewe onyo mbele ya kasha, kwa Kiswahili, mteja alione kabla hajatoa pesa.

Nasubiri jibu ndani ya siku 14. Nikilikosa, nitafungua malalamiko chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003, inayokataza kumpotosha mnunuzi.

Mteja wenu,
Kijitonyama