Barua ya wazi kwa Waziri wa Ujenzi na Uchukuzi: Kifusi kilichoshindiliwa bado hakijatulia

Mheshimiwa Waziri,

Tunakuandikia sisi tunaopima udongo, kuhusu viwanja vya mabondeni Kampala na Wakiso. Mafunjo yanafyekwa, tipa zinamwaga kifusi cha moramu, mashine inashindilia, na mwezi haujaisha msingi umekwisha kuchimbwa.

Mashine ile hushindilia moramu tu. Ikipita vizuri, kwa matabaka ya sentimita 15 hadi 20 yenye unyevu wa kutosha, hewa hutoka na kazi huisha siku ileile. Lakini chini yake kuna mfinyanzi laini uliojaa maji, na maji hayabonyei. Uzito mpya hubebwa kwanza na maji hayo. Udongo huupokea kidogo kidogo, kadiri maji yanavyochuruzika kupitia vitundu vyembamba mno. Ndipo ardhi inapotitia. Hesabu yake tunayo tangu miaka ya 1920, kwa kazi ya mhandisi wa udongo Karl Terzaghi.

Chukua moramu ya mita 1.5: ni karibu tani 3 kwa kila mita ya mraba. Juu ya mfinyanzi laini wa mita 4, uzito huo waweza kuishusha ardhi karibu nusu mita kabla tofali la kwanza halijawekwa. Maji yakipata njia juu na chini, na mgawo wa kutulia, yaani kipimo cha kasi ya maji kutoka na udongo kutulia, ukiwa mita ya mraba 1 kwa mwaka, asilimia 90 ya mtitio huo huchukua zaidi ya miaka 3. Kama chini kumezibwa na mwamba, muda huwa mara nne, yaani miaka 13 na zaidi, kwa kuwa hufuata mraba wa umbali ambao maji yanasafiri.

Nyumba ikishuka yote kwa pamoja, huenda isidhurike sana. Balaa ni pale upande mmoja umekaa kwenye kifusi kinene na mwingine kwenye ardhi ngumu ya mteremko. Nguzo mbili zilizoachana mita 6 zikitofautiana milimita 20 tu, ukuta huanza kupasuka kwa mshazari kutoka pembe za madirisha, na milango hukwama. Fundi huziba kwa saruji. Ufa hurudi palepale, maana maji bado yanatoka. Mizizi ya mafunjo iliyofukiwa ni mibaya zaidi: huendelea kubonyea hata maji yakishatoka.

Tunaomba kamati za ujenzi, zinazofanya kazi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya 2013, zidai mambo mawili kabla ya kutoa kibali kwenye kiwanja kinachojazwa kifusi. Kwanza, sampuli ya mfinyanzi isiyovurugwa, itolewe kwa mrija mwembamba wa chuma. Maabara ikate kipande cha kipenyo cha milimita 75 na unene wa milimita 20, ikibane kwa uzito unaozidishwa maradufu kila saa 24. Wiki moja hivi yatosha. Pili, sahani za chuma zenye fimbo zilazwe kabla kifusi hakijamwagwa, na kimo chake kisomwe kila wiki hadi mtitio uliokadiriwa uwe umekaribia kwisha.

Mwenye haraka achimbe mifereji wima ya mchanga kila mita 1.5 ili maji yapate njia fupi, kisha aongeze kifusi cha muda juu ili uzito wake uyasukume. Anayetaka ghorofa azamishe nguzo hadi ardhi ngumu, akikumbuka kuwa kifusi kinachotitia huzivuta nguzo hizo chini. Mzigo huo lazima uingie kwenye hesabu.

Tuko tayari kukaa na wahandisi wa wizara yako tuandae fomu ya kusomea sahani hizo. Ukurasa mmoja unatosha.

Wako katika kazi,
Wahandisi wa udongo, Kampala